Nyaraka za Martin Luther King za pale Stanford: nimezisoma nikiwa Nyakato, haya ndo maoni yangu

Niseme mapema kabisa kwamba ni bure, maana najua swali la kwanza la mtu wa Mwanza ni shilingi ngapi. Bure, hujisajili, hutoi namba ya kadi, unachohitaji ni bando, simu isiyo na kioo kilichopasuka sana, na uvumilivu wa kusoma Kiingereza cha wachungaji wa miaka ya hamsini. Naongelea makaratasi ya Martin Luther King, yule mchungaji aliyepigania haki za watu weusi Marekani, yanayokusanywa na kuhaririwa na Taasisi ya King pale Chuo Kikuu cha Stanford, California. Barua zake, mahubiri, insha za chuo, telegramu, hadi matokeo yake ya mitihani. Mi nina steshenari huku Nyakato, kazi yangu ni kuprinti, fotokopi na kubaindi risechi za watoto wa vyuo, kwa hiyo makaratasi ya kitaaluma nayaona kila siku na mengi ni uchafu mtupu, sasa nikikwambia haya ni makaratasi yaliyoshikwa na watu wanaojua kazi yao uniamini.

Niliyafahamu kupitia kwa dogo mmoja wa kidato cha sita aliyekuja kuprinti noti za historia, ile mada ya watu weusi kwenye Ulimwengu Mpya, akina Garvey, Du Bois na King. Noti zenyewe zilikuwa zile zile zinazozunguka toka enzi na enzi, King kapewa kama mistari kumi hivi: alizaliwa Atlanta 1929, aliongoza mgomo wa mabasi Montgomery, alisema ana ndoto, akauawa Memphis 1968, basi. Mzee mmoja mwalimu mstaafu alikuwa kakaa kwenye benchi langu anasubiri fotokopi ya hati yake ya kiwanja, akamwambia dogo, "Mjukuu wangu, huyo mtu ana barua zake mwenyewe mtandaoni, we unasoma muhtasari wa muhtasari wa nini?" Dogo kacheka tu kaondoka na noti zake. Mi ndo nikabaki na hamu.

Kwa kifupi mradi wenyewe uko hivi. Mwaka 1985 Coretta Scott King, mjane wa marehemu, alimwomba mwanahistoria wa Stanford anaitwa Clayborne Carson asimamie kazi ya kutoa makaratasi ya mumewe kwenye vitabu. Mpango ni juzuu 14. Ya kwanza imetoka 1992, ya saba imetoka 2014. Piga hesabu mwenyewe ujue hawa watu hawana haraka. Taasisi yenyewe ilianzishwa 2005, Carson kaiongoza mpaka alipompisha Lerone Martin mwaka 2022. Mtandaoni kuna nyaraka zenyewe, kuna ensaiklopidia ya watu na matukio, kuna mtiririko wa tarehe unaokuonyesha siku fulani jamaa alikuwa wapi na alifanya nini. Kurasa nyingi ni maandishi matupu, kwa hiyo hata bando la siku linatosha kusoma barua kadhaa na bado ukaangalia mpira.

Ushauri wangu usianze na hotuba maarufu. Anzeni na barua alizomwandikia mama yake. Mwaka 1944, akiwa na miaka 15, alienda kufanya kibarua kwenye mashamba ya tumbaku kule Simsbury, Connecticut, na akamwandikia mama yake habari za huko kaskazini ambako ameingia mgahawa mmoja mzuri wa Hartford na akala kama watu wengine, hakuna aliyemwambia toka. Ni barua fupi, ya mtoto, ina habari za kanisani na za kazini, halafu katikati ndo kuna hilo. Ukishaisoma hiyo ndo unaelewa kitu ambacho noti za kidato cha sita haziwezi kukupa, kwamba huyu mtu kabla hajawa kiongozi wa chochote alikuwa kijana wa kibarua anashangaa kuhudumiwa chakula.

Nyingine ya 1948, yuko seminari ya Crozer, Pennsylvania, ana miaka 19. Anamwambia mama yake huwa anawatambia wenzake kwamba ana mama bora kuliko wote duniani, halafu anashuka kwenye habari za wasichana: kwamba mchungaji mmoja wa pale mjini, Barbour, kawaambia waumini kuwa familia yake ina hela, sasa mabinti wanamganda, lakini yeye ana masomo mengi hana muda nao. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Kuna kijana gani aliyewahi kwenda boding asiandike barua ya hivyo?

Na hapo hapo Crozer kuna kitu cha kuwaonyesha watoto wanaolia na matokeo. Rekodi zake za masomo zipo, na kwenye somo la kuhutubia kapata C. Ndiyo, huyo huyo. Alimaliza 1951 akiwa wa kwanza darasani, sawa, lakini C ya kuhutubia ipo pale imechapwa na mtu yeyote anaweza kuiona. Insha zake za darasani nazo zimewekwa pamoja na maoni aliyoandika mwalimu pembeni, sasa unasoma hoja ya King halafu unaona na mwalimu alisema nini.

Sasa kitu kilichonifanya niwaheshimu hawa wahariri ni namna kila karatasi ilivyopangwa. Juu kuna barua inatoka kwa nani kwenda kwa nani, tarehe, mji. Chini yake aya moja fupi inakueleza nini kilikuwa kinaendelea ili usiingie kichwa kichwa. Kisha barua kama ilivyo, kisha maelezo ya chini, na mwisho kabisa kuna herufi kama TLc au ALS na MLKP-MBU na namba ya boksi. Mwanzoni nilidhani ni takataka za kompyuta. Kumbe ndo utambulisho wa karatasi: TLc ni nakala ya barua iliyopigwa taipu, ALS ni ya mkono na ina saini, na MLKP-MBU maana yake karatasi lenyewe liko kwenye mkusanyiko wa King pale Chuo Kikuu cha Boston, boksi namba fulani. Yaani ukitilia shaka unajua ukalitafute wapi. Watoto wanaoniletea risechi zenye chanzo "Google, 2023" nawaonyesha hizo herufi kila siku.

Na tukifika kwenye mambo ya kunakili, hapa ndo penye utamu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya themanini hawa wahariri, wakiwa wanakagua vyanzo kwenye tasnifu yake ya udaktari aliyoimaliza Boston mwaka 1955, ile ya kulinganisha mawazo ya wanateolojia wawili, Paul Tillich na Henry Nelson Wieman, juu ya Mungu, waligundua kwamba sehemu kubwa zimechukuliwa kwa watu wengine bila kuwataja ipasavyo, ikiwemo tasnifu ya mwanafunzi mwingine wa chuo hicho hicho aliyemaliza miaka mitatu kabla. Fikiria upo pale ofisini. Mradi umeanzishwa na mjane, jina la marehemu liko kwenye mabango, nchi nzima imeshampa sikukuu, na wewe ndo umeshika karatasi hilo mkononi. Gazeti la Wall Street Journal likaipasua habari Novemba 1990, Chuo Kikuu cha Boston kikaunda kamati, 1991 kamati ikasema ni kweli kanakili lakini haioni faida ya kumnyang'anya shahada, ikaagiza barua ya maelezo iambatanishwe na tasnifu hiyo maktaba. Wahariri wao kwenye juzuu ya pili wakachapa tasnifu yote, na chini wakaonyesha kifungu hiki kimetoka kwa nani na kile kimetoka wapi. Hawakuficha na hawakupiga kelele, waliweka tu.

Hapo ndo mi nikasema hii kazi ina watu wazima. Kwetu huku mtu akishakufa na kupewa jina la barabara basi, hata ukisema alikuwa anachelewa vikao unaambiwa huna adabu.

Mwanachuo mmoja nilipomsimulia akaruka, "Kumbe braza hata King alikopi, sasa mbona sisi mnatusumbua!" Nikamwambia sawa dogo, kakopi na wamemkamata akiwa kaburini, we bado upo hai na msimamizi wako yuko hai, niletee hiyo literecha rivyuu yako tuiangalie vizuri kabla sijaibaindi.

Haya, sasa kwa nini mtu wa kanda ya ziwa ahangaike na haya yote. Andika jina la Tom Mboya kwenye sehemu ya kutafutia. Mboya yule mwanasiasa wa Kenya, ambaye kwao ni Rusinga, kisiwa cha ziwa letu hili hili upande wao, na kaburi lake liko huko. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo na nauli kwa vijana wa Afrika Mashariki, na Mei 13 mwaka huo kina King wakamwandalia chakula cha jioni Atlanta. Alichosema King usiku ule kimo humo. Halafu kuna barua ya Julai 8, 1959, King anamjibu Mboya kuhusu kijana mmoja wa Kenya aliyekuwa anaenda kusoma chuo cha Tuskegee huko Marekani, anakubali kwamba wao watasaidia gharama zake, na humo humo anasema haoni tofauti ya msingi kati ya ukoloni wa huku na ubaguzi wa kwao, mzizi ni ule ule wa kumdharau mtu kwa rangi yake. Miezi miwili baadaye, Septemba, ndege ya kwanza ya wanafunzi ikatua New York na vijana 81, na ndege zilizofuata zikabeba hadi wa Tanganyika.

Nilimprintia yule mzee mwalimu hiyo barua. Kaisoma amesimama, kaikunja mara nne kaiweka mfuko wa shati, hakusema kitu zaidi ya "shilingi ngapi hii?" Nikamwambia mwalimu hiyo ni zawadi yako.

King aliuawa Aprili 1968 akiwa na miaka 39, Mboya Julai 1969 Nairobi akiwa na 38.

Nyingine ya kutafuta ni mahubiri ya Aprili 7, 1957, pale kanisani kwake Dexter, Montgomery. Alikuwa ametoka Ghana kwenye uhuru wa Machi 6, alialikwa, kasafiri na mke wake, na aliporudi akawasimulia waumini kama vile mtu anavyowasimulia ndugu zake harusi waliyoikosa: Nkrumah na wenzake waliingia wamevaa zile kofia za jela, bendera ya Mwingereza ikashushwa saa sita usiku ikapanda mpya, na yeye machozi yakamtoka. Hiyo ni ndefu na uisome yote usiruke, mwanzoni anatoa historia ya Ghana yenyewe kama mwalimu wa zamu na unaweza kuchoka, ila ikifika usiku wa bendera utasahau kama chai imepoa.

Pia kuna barua ya mapenzi ya Julai 1952 kwa Coretta, bado hawajaoana, ambamo katikati ya maneno matamu anamwambia kwamba kiuchumi yeye ni mjamaa kuliko bepari. Miaka 15 kabla ya Azimio la Arusha, jamaa anamtongozea binti ujamaa. Kazi kwenu.

Sasa malalamiko, maana yapo.

Kubwa kuliko yote, ukiacha ile ya sita ya mahubiri inayogusa Machi 1963, juzuu zinaishia Agosti 1962. Yaani mapambano ya Birmingham 1963, maandamano ya Washington Agosti 28 mwaka huo, tuzo ya Nobel ya 1964, maandamano ya Selma, kupinga vita ya Vietnam 1967, Memphis, vyote viko nje ya juzuu zilizotoka. Mtandaoni utakuta baadhi ya nyaraka za miaka hiyo na ensaiklopidia inakupa maelezo ya kutosha, lakini ule utamu wa kusoma barua baada ya barua na maelezo ya chini unakatika pale pale ambapo mambo ndo yanapamba moto. Mtu anayeandika risechi juu ya King na Vietnam atapata mwanzo tu humu, mengine akatafute kwingine.

Na kwingine kwenyewe kumetawanyika. King mwenyewe aliyapeleka makaratasi yake Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1964, zaidi ya 80,000, akiogopa yasije yakachomwa kule kusini, nyumba yake ilishalipuliwa bomu Januari 1956 kwa hiyo hakuwa anaota. Baadaye mjane akaenda mahakamani kuyadai yarudi Atlanta, akashindwa 1993. Mengine yako King Center, kituo cha kumbukumbu yake huko Atlanta. Mengine kama 10,000 yalikuwa na familia, mwaka 2006 yakakaribia kupigwa mnada Sotheby's New York, watu wa Atlanta wakiongozwa na meya wao Shirley Franklin wakayanunua kwa dola milioni 32 wiki moja kabla ya nyundo kugonga, sasa ni mali ya Morehouse, chuo alichosoma. Dola milioni 32! Kwa makaratasi. Nikiangalia maboksi ya fotokopi ambazo wateja wamezitelekeza humu dukani napata mawazo.

Kuna na suala la hakimiliki. Maandishi yake ni mali ya warithi, ile hotuba ya ndoto yenyewe ina hakimiliki, kwa hiyo kusoma ni bure ila ukitaka kuyachapa kitabu ukauze ni kesi nyingine. Hili nalisema kwa sababu kuna jamaa (simtaji) anapita kwenye magrupu ya WhatsApp anauza flashi ya "nyaraka zote za King" kwa elfu kumi. Msinunue. Nilimfungulia mteja mmoja aliyeshanunua, humo mlikuwa na faili za juu juu tu, nusu yake ni noti zile zile za kidato cha sita. Kitu kipo bure, elfu kumi hiyo nunua bando na uji.

Lugha ni Kiingereza tu, hakuna Kiswahili hata ukurasa. Kwa barua si tatizo sana, ila insha za teolojia ni ngumu, hata Mwingereza nadhani anazipita pembeni. Kutumia kitafsiri cha simu kwenye hizo sikushauri, inakutolea maneno ambayo hata shetani hayaelewi.

Wanaopenda habari za FBI, wale wapelelezi wa serikali ya Marekani, niwaambie kabisa kwamba hapa sipo penyewe. Julai 2025 serikali ya Marekani ilitoa kurasa zaidi ya 230,000 zinazohusu mauaji yake, hizo ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya kwao, na ni picha za karatasi zilizoskaniwa, nzito kwa bando. Na zile kanda FBI walizomrekodi kwa siri zilifungwa na mahakama mwaka 1977 kwa miaka 50, hesabu inafika 2027. Tofauti ya vitu hivi viwili ni kubwa: kule unasoma walichoandika waliokuwa wanamvizia, huku unasoma alichoandika mwenyewe. Mi naanza na mwenyewe.

Kwa wale wa kuprinti, siku hizi naletewa hizi kazi na walimu wawili watatu wa hapa mjini kwa ajili ya mdahalo. Chukueni maandishi pamoja na maelezo ya chini, msikate ule mstari wa mwisho wenye boksi, maana ndo unaokufanya uonekane umefanya kazi. Barua ya kawaida inaingia kurasa mbili. Tasnifu msithubutu, itakula wino na hutaisoma.

Kuna kitu kinanikera ambacho siyo kosa la Stanford. Huku kwetu Paul Bomani aliwaunganisha wakulima wa pamba mpaka ikatokea Victoria Federation mwaka 1955, ushirika uliokuwa unaongelewa Afrika nzima, baadaye akawa waziri na balozi wetu huko huko Marekani. Mtoto wa Nyamagana akitaka kusoma barua zake za wakati ule akiwa kwenye simu ataandika nini kwenye kutafuta? Ningekuwa na watu watatu na skana nzuri ningeanza na maghala ya vyama vya msingi kabla panya hawajamaliza. Haya, hiyo siku nyingine.

Nyota zangu ni nne kati ya tano. Nimetoa kwa mpangilio, kwa maelezo ya chini, kwa kuweka C ya kuhutubia na tasnifu ya kunakili mezani bila kupepesa macho, na kwa barua ya Mboya. Ya tano nimeishikilia mpaka juzuu ya nane itoke. Anayetaka kuona kabla hajamaliza bando lake apite dukani, ile ya mama yake ya 1944 nimeibandika ukutani karibu na mashine ya laminesheni, unasoma wakati unasubiri vitu vyako.